Glovsi, tebu, pete ya pembe au vidole vitupu: nimevitumia vyote kwenye upinde wa paundi 45

Nianze na kidole cha kati cha mkono wa kulia maana hicho ndo kimenifanya niandike haya yote. Kuna kipindi kilikufa ganzi karibu wiki tatu. Sio kuuma, kuuma ningeelewa, ni ganzi kabisa, nashika kikombe cha chai ya moto vidole vingine vinasikia joto chenyewe hakisikii, nafunga vifungo vya gauni nakosa tundu, nikichapa ujumbe kwenye simu ni kama natumia kijiti. Na wakati hayo yananipata nilikuwa navaa glovsi ya kupigia upinde, tena nene, tena ya hela nyingi, nikiamini unene ndo usalama wenyewe. Sasa kwa vile nimeshajaribu karibu kila aina ya kinga ya vidole, za kununua na za kutengenezewa, na kwa vile kila mara nakutana na mtu anaanza upinde anauliza anunue ipi, nimeona nizieleze nilivyozitumia mwenyewe.

Upinde wangu ni wa mbao, ule wa asili usio na magurudumu pembeni wala kifyatulio, urefu inchi 60, ukivutwa mpaka inchi 28 uzito wa kuuvuta unakuwa paundi 45, yaani kilo 20 na ushee. Nalenga viroba tu nyuma ya nyumba hapa Arusha, viroba vitatu vilivyoshindiliwa nguo chakavu na mifuko ya plastiki, siwindi, na wewe usidanganywe, kuwinda bila kibali ni kesi. Hebu piga hesabu na mimi. Kilo 20 zinaning'inia kwenye kamba nene kidogo tu kuliko njiti ya kiberiti, zinabebwa na vidole vitatu, cha shahada juu ya mshale, cha kati na cha pete chini yake, na cha kati ndo kinabeba kuliko wenzake. Mishale 100 kwa siku maana yake vidole vimebeba kilo 2,000. Tani mbili kwenye nyama laini ya ncha za vidole! Halafu mtu anakwambia kinga ya vidole ni urembo.

Kinga ina kazi mbili na wengi tunaijua moja. Ya kwanza ni kuzuia kamba isikuumize, hiyo kila mtu anaijua siku ya kwanza tu. Ya pili ni kuiruhusu kamba iondoke. Ukiangalia video iliyopunguzwa kasi utaona kamba haitoki mbele moja kwa moja, kwanza inateleza kuzunguka ncha za vidole, inasukumwa pembeni kidogo, na mshale wenyewe unapinda huku na huku kama samaki kabla haujanyooka njiani. Kama ngozi uliyovaa inanata, au ina mshono pale kwenye ncha, au imeshachimbika mfereji mahali kamba inapokaa, basi kamba inakwama kidogo sana, hata jicho halioni, na hiyo inatosha kabisa kuuhamisha mshale. Mimi navuta kwa kulia, ngozi ikinata mishale yangu yote inahamia kushoto, na nilikaa miezi nalaumu macho na mabega wakati tatizo liko kwenye ngozi.

Vidole vitupu

Wa kwanza kunifundisha kwamba inawezekana kutovaa kitu walikuwa Wahadzabe. Nilienda Ziwa Eyasi upande wa Mang'ola, tukaamka saa kumi na moja alfajiri kuongozana nao porini. Wanavuta kwa vidole vitupu, wote, vijana kwa wazee. Pinde zao ndefu na ngumu kwelikweli, niliposhikishwa mmoja sikuufikisha hata nusu, na kamba yake ni ya kano za mnyama zilizosokotwa, mviringo mzuri, nene kuliko hizi za kwetu za dukani. Nikamuuliza mzee mmoja, shikamoo mzee, kwani hamvai kitu mkononi? Akaitikia marahaba halafu hakujibu, akanipa mkono wake nishike. Ncha za vidole ni sugu tupu, ngumu kama kisigino. Ndo akasema, mwanangu, mimi nilipewa upinde sijang'oa hata meno ya utoto.

Na ni kweli, watoto wa kiume wa Kihadzabe wanashika vipinde wakiwa wadogo kabisa, wanakua navyo, na sugu nazo zinakua nao. Kingine nilichokiona siku ile ni kwamba hawakai wameuvuta upinde wakilenga kama sisi, wanavuta wanaachia, mara moja. Na asubuhi nzima mtu karusha mishale michache tu, sio 100. (Vyembe vyao vya chuma vinafuliwa na Wadatoga, majirani zao, vizuri ajabu, nilinunua viwili nimevitundika sebuleni.)

Niliporudi nikajaribu kwenye upinde mdogo wa mazoezi wa paundi 25. Mishale 20 ya kwanza raha, unaisikia kamba kuliko kinga yoyote itakavyokupa, unajua hasa imekaa wapi. Kufika kama 40 nikaanza malengelenge kwenye kidole cha shahada, na kwa paundi 45 sikuthubutu kuzidisha mitano. Kwahiyo maoni yangu, ukiwa na upinde mwepesi na unapiga mishale michache, vidole vitupu vinafundisha vizuri, hasa kujua kamba ikae kwenye kunjo la kiungo cha kwanza na sio kwenye nyama ya ncha. Zaidi ya hapo unautesa mkono. Na sugu ina ubaya wake pia, ikikauka inapasuka, na mimi ni mtu wa kufua na kukanda unga, kidonda kwenye ncha ya kidole sikiwezi.

Glovsi nene, iliyonipa ganzi

Glovsi ya upinde sio kama ya baridi, ni vikofia vitatu vya ngozi kama subana za fundi cherehani, vimeunganishwa na mikanda inayopita nyuma ya kiganja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ya kwanza niliagiza mtandaoni, duka silitaji, saizi wameandika ya kati, kufika ni ya kati ya mwanaume mwenye mikono ya kubebea zege. Ngozi ya ng'ombe nene, ndani kuna kipande kigumu cha plastiki, mshono unapita juu ya ncha ya kidole. Kwa mzigo, usafirishaji na ushuru nilimaliza 95,000. Niliivaa kwa furaha sana na ndo maana inaniuma kuisema.

Shida ya kwanza, vikofia vilikuwa vikubwa vinazunguka kwenye kidole. Nikivuta, kikofia kinageuka, mshono unakuja mbele, kamba inapita juu ya mshono. Shida ya pili ndo kubwa. Unene ule uliniziba, sikuwa nasikia kamba iko wapi. Kamba ikawa inatambaa kutoka kwenye kunjo la kiungo inaelekea kwenye ncha, nami bila kujua nakaza vidole zaidi ili isiniponyoke, nakunja ncha kwa nguvu, na glovsi inaniambia hakuna maumivu endelea. Maumivu yalikuwa ndo ujumbe na mimi nimelipia hela kuunyamazisha. Daktari niliyemuona akanishika kidole pembeni mwa pingili, kulia na kushoto, akaniambia huku ndo zinapita neva ndogo za ncha ya kidole na zimebanwa muda mrefu, pumzika. Nikapumzika mwezi mzima sijagusa upinde.

Kwahiyo tafadhali, ukisikia ganzi au sisimizi kwenye ncha za vidole usiendelee kwa sababu eti hakuumi. Weka upinde chini siku hiyo. Lengelenge linapona kwa siku nne tano, neva inapona kwa mwendo wake na hukuulizwa.

Glovsi nyembamba

Baada ya hapo mtu akanishauri nisichukie glovsi zote kwa sababu ya moja, na alikuwa sahihi. Ndugu yangu alikuwa anarudi kutoka Ujerumani akaniletea ya kampuni ya Bearpaw, ngozi nyembamba na laini, na safari hii nilipima vidole kwa uzi kabla ya kuagiza, nikachukua ndogo. Tofauti ya mbingu na ardhi. Inashika kidole kama ngozi ya pili, kamba naisikia, na baada ya mishale kama 200 ikazoea umbo la mkono wangu.

Glovsi inashinda kinga nyingine zote kwenye jambo moja, mkono unabaki huru. Unachomoa mshale kwenye podo, unafungua lango, unajikuna, unanywa maji, unarudi kwenye kamba bila kupanga chochote. Yule anayetembea na upinde porini au anapiga haraka haraka, glovsi nyembamba ndo yake. Ila ijue hali yake, kamba itachimba mfereji kwenye ngozi, na hapo watu wanagombana, wengine wanaupenda ule mfereji kwa sababu kamba inakaa palepale kila siku, wengine wanasema inakwamisha. Mimi niko na hao wa pili. Mfereji ukishakuwa wa kina mpaka ukipitisha ukucha unazama, glovsi hiyo imekwisha, usiionee huruma. Kwa paundi 45 na kwa mishale mingi ya siku, ngozi nyembamba peke yake bado vidole vilikuwa vinachoka nikivuka 60. Kwa mtu wa paundi 30 mpaka 35 ningesema anunue hii aache kuhangaika.

Tebu

Hapa ndo nitakaa. Tebu ni kile kipande bapa cha ngozi kinachokaa kati ya vidole na kamba, kina tundu la kupitisha kidole cha kati kisidondoke, na kina mkato katikati mahali mshale unapokaa. Basi. Ukikiona kwa mara ya kwanza unaona kama kimekatwa na mtoto, hakina heshima kabisa mbele ya glovsi yenye mikanda na vifungo. Na ndo kitu bora nilichowahi kuvaa.

Sababu ni rahisi. Kwenye glovsi kuna nyuso tatu, kila kidole na kikofia chake, na kila kimoja kinaachia kamba kwa wakati wake. Kwenye tebu uso ni mmoja, kamba inateleza juu ya ngozi moja iliyonyooka, haina mshono, haina ncha. Na unene unaupanga mwenyewe, ngozi mbili zilizolaliana, ya mbele ngumu inayoteleza, ya nyuma laini ya kupokea uzito. Huko nje wanaopenda vitu vizuri wanatumia ngozi ya matako ya farasi kwa uso wa mbele, ni ngumu, imeshikana, inateleza na haichimbiki haraka. Mimi farasi simpati. Lakini kuna aina nyingine ya zamani ambayo uso wake wa mbele ni ngozi ya ndama yenye manyoya yake, kamba inateleza juu ya manyoya, na niliposikia hivyo nilisimama nikaangalia kigoda cha bibi kilichoko barazani. Ngozi ya ng'ombe yenye manyoya, hapa kwetu! Iko kwenye ngoma, iko kwenye vigoda, iko sokoni inauzwa vipande.

Nikaenda kwa fundi viatu wangu karibu na soko la Kilombero, nimebeba kipande cha ngozi ya ndama na mchoro kwenye karatasi ya daftari. Akaniuliza, dada hii unaivaa wapi? Nikamuonyesha kwenye simu mtu anavuta upinde, akaangalia mara mbili, akaomba nimuonyeshe mkono wangu nikiwa nimekunja vidole kama nimeshika kamba. Mkono uliokunjwa! Hakupima mkono ulionyooka, na hapo nikajua nimefika kwa fundi. Watu wengi wanapima vidole vimenyooka, tebu inakuwa ndefu, ukivuta ngozi ya ziada inachomoza mbele ya ncha za vidole, inakunja, inaikamata kamba inapotoka. Tebu nzuri ukiwa umevuta inaishia sawasawa na ncha za vidole au inazidi milimita moja mbili, sio zaidi. Na ikatwe kubwa kwanza, ujaribu, halafu ipunguzwe kwa mkasi kidogo kidogo, maana ukishakata huirudishi.

Mambo matatu niliyajifunza kwa kuharibu ngozi mbili za mwanzo. Manyoya lazima yalale kuelekea ncha za vidole, yaani ukipapasa kutoka kwenye kiganja kwenda nje mkono uteleze, ukikosea upande kamba inatoka kinyume cha manyoya na ni bora usingevaa kitu. Pili ule mkato wa mshale, ukiwa mwembamba ngozi inaubana mkia wa mshale na vidole vinausukuma mshale utoke kwenye kamba au upande juu, kwahiyo fundi akaweka kipande cha soli ya ndala, kama kabari ndogo, kati ya kidole cha shahada na cha kati, na hicho kikabari cha mia mbili ndo kimenisaidia kuliko glovsi ya 95,000. Kinatenganisha vidole visiubane mshale. Upinde mfupi kama wangu wa inchi 60 ukivutwa kamba inafanya pembe kali inabana vidole viwili vya nje, bila kabari unateseka, wenye pinde ndefu za inchi 66 mpaka 68 hawalisikii sana hili. Tatu, tundu la kidole lisiwe tundu tupu, weka lastiki pana ya kiuno cha sketi, inashika bila kukata damu.

Gundi ya viatu pembeni tu, sio uso mzima, maana ikikauka katikati tebu inakuwa ubao. Ya nyuma aliweka ngozi ya mbuzi. Jumla nikatoa 6,000, kazi na gundi ndani, ngozi yangu mwenyewe.

Siku ya kwanza nimevaa ile tebu nilipiga mishale 12, minane ikakaa kwenye kiroba cha kati, na ile hali ya kuhamia kushoto ikapungua mpaka nikamuita mume wangu aje aangalie. Sauti ya kamba yenyewe ilibadilika, ikawa fupi na safi. Ubaya upo, nao ni kwamba manyoya yanaisha. Kwa matumizi yangu miezi minne mitano pale kamba inapopita panakuwa na upara, bado inateleza lakini sio kama mwanzo, na fundi anabadilisha uso wa mbele kwa 2,000. Ubaya mwingine mkono hauko huru, ukitaka kufanya kitu lazima uigeuze tebu nyuma ya kiganja halafu uirudishe na uipange upya. Kuna za madukani zenye bamba la chuma na kijishelfu cha kukaa chini ya kidevu, hizo ni kazi nzuri kwa wale wa mashindano ya kulenga ila kwa mkono mdogo kama wangu bamba lilikuwa pana likanichubua, nilimwachia mwenyewe aliyeniazima.

Vimirija vya mpira

Hivi ni vimirija viwili vinavyopitishwa kwenye kamba yenyewe, kimoja juu ya mshale kimoja chini, unavuta bila kuvaa kitu. Kwa wageni, watoto wa ndugu wamekuja likizo, siku ya sherehe, ni sawa kabisa, kila mtu anapokezana upinde uleule bila kupima mkono. Ila vinaongeza uzito katikati ya kamba, mshale unapungua kasi, na mpira haukupi ule utelezi wa ngozi. Sivitumii kwa mazoezi yangu.

Pete ya pembe

Rafiki yangu wa Tanga alianza upinde kwa ajili ya sunna, maana kurusha mishale ni jambo lililohimizwa sana katika dini, na yeye akaona kama anafanya basi afanye kwa njia ya Waturuki, kuvuta kwa dole gumba. Mongolia, Korea, Uchina na Uturuki huko ndo ulikuwa mtindo wao, dole gumba linazunguka kamba, kidole cha shahada kinalifunga juu yake kama kufuli, na dole linavalishwa pete ya pembe, mfupa, jiwe au madini. Istanbul kuna mtaa mpaka leo unaitwa Okmeydanı, maana yake uwanja wa mishale, ndo palikuwa uwanja wao, na wapigaji wa enzi za Waosmani walirusha mishale ya masafa kupita mita 800 wakaweka mawe ya kumbukumbu pale ilipoangukia. Kwa pete hizohizo.

Alinichongea yangu kwa pembe ya ng'ombe. Naiheshimu sana. Pete inashika kamba sehemu moja ndogo, ngumu, laini, kwahiyo kamba inatoka safi kuliko hata tebu, na kwenye upinde mfupi hakuna habari ya vidole kubanwa na pembe ya kamba. Lakini inadai uanze upya, mshale unakaa upande wa pili wa upinde, kulia kama wewe ni wa kulia, na misuli inayofanya kazi ni mingine. Na saizi haisameheki. Tundu lake linakuwa la yai sio la mviringo, unaiingiza ikiwa imelala kwa upande, ukishapita kiungo unaigeuza, ikikaa vizuri haitoki hata ukivuta, ikiwa kubwa itaruka na mshale, ikiwa ndogo dole linavimba. Tena kwa joto la Tanga dole la mchana sio dole la asubuhi, yeye ana pete mbili, ya asubuhi na ya mchana, na ukingo wa ndani ameweka kipande cha ngozi nyembamba. Mimi niliitumia miezi miwili kwenye upinde wa paundi 30 nikaipenda, ila sikutaka kuacha nilichokuwa nimeshakijenga. Ukiwa unaanza kabisa na roho yako iko huko, nenda huko moja kwa moja, usipitie kwenye vidole vitatu kwanza.

Hali ya hewa na matunzo

Hili wauzaji wa nje hawakuandikii kwa sababu kwao sio shida. Arusha ngozi inakaa vizuri. Nilipoenda Tanga wiki mbili na tebu yangu, siku ya tatu asubuhi nimeikuta na ukungu wa kijani, na mchana jasho likiingia uso wa mbele unakuwa kama umepakwa asali. Ukiwa pwani usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, itundike penye upepo kivulini. Ikilowa usiianike juani wala karibu na jiko, inakakamaa inapasuka, iache ikauke taratibu. Kabla ya kupiga paka poda ya mtoto kidogo usoni mwa ngozi, futa iliyozidi, inateleza vizuri. Mafuta usipake uso wa mbele, fundi aliniwekea mafuta ya mgando kwa upendo wake akidhani anaitunza, ikawa laini mno, kamba ikaanza kuzama. Mafuta ni ya ngozi ya nyuma tu, na kidogo.

Na kamba yenyewe iangalie. Kamba nyembamba ya nyuzi chache inauma zaidi hata kwa paundi zilezile. Pinde za zamani na zile ambazo ncha zake hazijaimarishwa zinapendelea kamba ya dakroni, inavutika kidogo, ni nene, na vidole vinaishukuru. Wakati mwingine mtu anabadilisha glovsi tatu wakati alitakiwa abadilishe kamba.

Kwa mtoto wa paundi 15 au 20 wengi wanasema hahitaji kitu. Mimi mwanangu wa miaka tisa nimemkatia tebu ya ngozi ya mbuzi, moja tu, nyembamba, asikie kamba lakini asiiogope, maana mtoto akiumia vidole siku mbili za kwanza anajifunza kufungua mkono kwa kushtuka, na kumtoa kwenye mshtuko huo kunachukua muda kuliko kumfundisha kulenga. Wa mkono wa kushoto mwambieni fundi mapema, mchoro unageuzwa na manyoya nayo lazima yapangwe upya kwa upande huo, ukigeuza tebu ya kulia tu unajikuta manyoya yako upande wa vidole.

Kwa sasa kwenye mkoba wangu kuna tebu mbili za ndama, moja mpya moja yenye upara kwa ajili ya siku za mvua, na ile glovsi nyembamba nikitembea. Mchoro wangu fundi ameukata kwenye kipande cha boksi ameutundika kwenye msumari pale kibandani, na juzi nimekuta pembeni yake kuna michoro mingine miwili ya mikono mikubwa kuliko wangu. Kidole cha kati kimerudi. Ila asubuhi za baridi ncha yake bado inachelewa kuamka, kwahiyo nikifika mshale wa 60, hata kama nalenga vizuri, nafungua kamba natundika upinde.